Mkate wa Kufutia Sahani

Mume wangu Canio alirudisha sahani ikiwa na mchuzi.

Najua kuna watakaosema, hilo nalo ni jambo la kusimulia? Hao hawajakaa Angri, mji wetu huu wa nyanya kusini mwa Italia. Kwetu mtu akimaliza tambi zake huchukua kipande cha mkate, akakikandamiza kwa kidole kwenye sahani, akakizungusha ukingo hadi ukingo mpaka mchuzi wote umeisha, ndipo akakitia mdomoni. Maneno matamu hata mwongo anayo, kwa hiyo sisi wapishi hatuyasikilizi sana. Tunatazama mkate. Canio, tangu tuoane, alikuwa akifuta sahani yangu mpaka inang'aa. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akimtania kwamba kwa mkwe kama huyu hakuna haja ya kununua sabuni ya vyombo.

Jumapili hiyo ya Julai alikula tambi zote, akaweka uma, akasema, "Ahsante, Ersilia," akaisukuma sahani mbele. Mkate ulikuwa pale pale karibu na kiwiko chake.

"Mkate huo," nikasema.

"Nimeuona."

"Ni wa leo asubuhi."

"Nimeshiba, mke wangu."

Nilipeleka sahani kwenye sinki nikaitazama vizuri. Duara jekundu, mafuta yamejitenga kidogo pembeni, jani moja la mrihani limeng'ang'ania ukingoni. Nikaonja kwa kidole. Mchuzi ulikuwa sawa. Ulikuwa zaidi ya sawa, na mimi si mtu wa kujisifu bila sababu. Basi kama kasoro haikuwa kwenye mchuzi, ilikuwa kwa mwanamume, na mwanamume anayekinai mchuzi wa mkewe bila sababu, kuna mchuzi mwingine ameuzoea.

Niseme mapema: nina wivu. Sikuuokota uzeeni, nilizaliwa nao. Nimemwonea wivu Canio kwa muuza magazeti, kwa daktari wa meno aliyemshika kidevu muda mrefu kuliko jino lilivyohitaji, na hata kwa binti yetu Loredana alipokuwa mchanga, akilala kifuani kwa baba yake na kulia akija kwangu. Canio kazoea. Huwaambia watu kwamba siku nikiacha kumwonea wivu ataniitia daktari.

Mchuzi wangu hauna siri yoyote. Nyanya ni zile ndefu za mashamba yetu, zilizoiva juu ya mti na si ndani ya kreti. Nazichovya kwenye maji ya moto, navua ganda, nazipasua kwa mkono. Punje moja ya kitunguu saumu kwenye mafuta ya zeituni. Ikianza kuwa na rangi ya dhahabu naitoa, imeshafanya kazi yake. Nyanya zinaingia, chumvi inaingia, na moto hauzidi. Mwishoni kabisa nautia mrihani wa roshani yangu, nimeuchana kwa vidole maana kisu kinauumiza. Basi. Hakuna jani jingine linaloruhusiwa kwenye sufuria yangu, na hilo hata na askofu silijadili. Wala hakuna mtu anayeruhusiwa kusogelea jiko. Canio ana kiti kimoja jikoni kwangu, kile cha dirishani, na kazi moja, kula.

Ndiyo maana niliposhika mkono wake Jumatano iliyofuata nilisimama ghafla kama nimekanyaga mwiba. Alikuwa ametoka, alivyoniambia, kucheza karata kwenye klabu ya wastaafu. Vidole vyake vilinuka kitunguu saumu. Na chini ya ukucha wa kidole gumba kulikuwa na kipande cha ganda la nyanya.

"Umeshika nyanya?"

"Nyanya gani?"

"Hiyo iliyo ndani ya ukucha wako."

Akautazama ukucha kama ameazimwa. "Aa. Nilimsaidia Gerardo kubeba kreti."

Kisha akakaa mezani na kuchokoachokoa chakula changu kama mgonjwa wa hospitali.

Gerardo ndiye mwenzake wa karata. Kesho yake nilimkuta kwa mwoka mikate, nikamchekea. Mimi nikimchekea mtu inafaa ajihadhari, lakini Gerardo si mtu wa kuwaza mbali.

"Canio anasema anakufunga sana siku hizi, shemeji. Jana eti hukuambulia kitu."

"Jana? Jumatano?" Gerardo akakuna kichwa. "Shemeji, Jumatano sisi tunahangaika kutafuta mtu wa nne. Canio hatumwoni tangu..." Hapo akauona uso wangu. "Au alikuja. Labda alikuja, mimi macho yangu haya."

"Na kreti la nyanya?"

"Kreti lipi?"

"Nisalimie mkeo," nikasema, nikatoka bila mkate.

Nilimpigia simu Loredana, anakaa Torino. "Baba yako ana mwanamke."

"Mama, baba ana goti bovu."

"Kwani anatumia goti kula? Kuna mtu anampikia."

"Kumpikia tu?"

"Tu! Unasema tu? Angekuwa anakwenda kwa mengine ningejua la kufanya, ningemvunja hilo goti la pili. Kuna mtu anampikia mchuzi, Loredana, na ameacha kufuta sahani yangu."

Nilijua amefunika simu kwa kiganja ili acheke.

"Basi muulize mwenyewe, mama."

"Atanidanganya."

"Basi usimuulize."

"Hivi wewe ni mtoto wa nani?" nikamwambia, nikakata simu.

Wiki nzima niliwapitia wanawake wa mtaa mmoja mmoja kichwani. Mjane wa duka la dawa hajui kupika, anafungua makopo. Yule wa ghorofa ya pili anatia sukari kwenye nyanya, Canio asingevumilia. Kila siku nilipika vizuri kuliko siku iliyotangulia, na kila siku mkate ulibaki kwenye kapu. Nikaanza kulionea wivu hata kapu.

Jumatano ilipofika nilimwacha atangulie, nikachukua mfuko wangu wa sokoni, nikatia nyanya ili nikiulizwa niwe na jibu, nikamfuata. Aliipita klabu bila kugeuza shingo. Akavuka reli. Akaingia uchochoro ulio nyuma ya kiwanda cha zamani cha nyanya za kopo, kile kilichofungwa, akasimama kwenye mlango wa chini wenye pazia la shanga. Hakubisha. Alipenya tu, kama mtu anayeingia kwake.

Mlango ule niliujua. Ni wa Donata.

Donata alihamia mwaka huu kutoka milima ya Lucania, kijiji kile kile alikozaliwa Canio. Mjane, mnene wa kupendeza, anachechemea mguu mmoja, nywele kapaka rangi ya hudhurungi. Walitambuana kanisani. "Ala! Wewe si binti wa fundi viatu!" Canio alisema, na akamshika mkono kwa muda ambao mimi niliuhesabu kuwa mrefu. Nilimsamehe kwa sababu nilidhani mtu mwenye mguu ule hawezi kusimama jikoni.

Nilisogea dirishani. Kulikuwa na pazia jepesi, na nje jua lilikuwa kali, kwa hiyo ilinibidi kubandika uso karibu kabisa na wavu. Kwanza harufu ndiyo iliyonifikia. Kitunguu saumu. Nyanya mbichi inayoanza kulainika. Halafu kitu cha tatu, chenye ubaridi, kilichopanda puani. Nanaa. Nikasema moyoni, mwanamke huyu ni mwehu, anatia nanaa kwenye nyanya.

Ila Donata hakuwa jikoni. Donata alikuwa amekaa kitini, mguu wake juu ya kigoda, anajipepea kwa gazeti. Aliyesimama mbele ya jiko alikuwa mume wangu. Alivaa aproni ya maua ya alizeti, kaifunga kwa fundo nyuma, na mikono yake yote miwili ilikuwa ndani ya bakuli, inapondaponda nyanya.

Mimi ni mwanamke wa maneno. Nimegombana na padri siku ya ubatizo, nimegombana na polisi wa barabarani akaniomba radhi. Pale dirishani sikugombana na mtu. Nilibaki nimesimama na mfuko wangu, jua linanichoma utosi, nikatazama yote. Nikamwona anamimina nyanya kwenye kikaango na kurudi nyuma hatua moja ili zisimrukie. Nikamwona anaonja maji ya tambi kama yana chumvi ya kutosha. Nikamwona anachuja tambi kabla hazijaiva sawasawa, anazimalizia ndani ya mchuzi, anazirusha kwa kutikisa kifundo cha mkono, Canio, ambaye kwangu hata kahawa hupelekewa! Kisha akazima moto na ndipo akachana majani ya nanaa, akayanyunyiza juu.

Wakala. Donata alikula, Canio hakula sana. Alikuwa anamtazama. Aliinua kidogo nyusi, kichwa kimeinama upande, uma umesahaulika mkononi, anangoja. Uso ule sikuwahi kuuona. Niliujua lakini, niliujua kwa ndani, kwa sababu ndio uso ninaokaa nao mimi kila mchana mbele yake. Ni uso wa aliyepika na anataka kujua.

Donata akachukua mkate. Akafuta. Akafuta tena. Alipoinua sahani kuiweka kwenye sinki ilimeta kwa mwanga wa dirisha kama haijawahi kutumika. Maji yakamiminika.

Hapo ndipo miguu yangu iliporudi. Nilizunguka nikaingia, shanga zote zikagongana nyuma yangu.

"Bi Ersilia!" Donata akasema, bila hata kushtuka. "Karibu, kaa."

"Sikai."

"Basi simama, ila usisimame hapo, unanizibia upepo."

Canio alikuwa amesimama katikati ya jikoni, mikono hewani, kama kaelekezewa bastola. "Ersilia. Ninaweza kueleza."

"Eleza! Eleza hiyo aproni! Nyumbani kwangu hujui hata chumvi inakaa wapi!"

"Iko kwenye kopo la bluu," akasema polepole, "nyuma ya kahawa."

Hilo sikulitarajia. "Na kama unaijua, mbona hujawahi kuishika?"

"Siku niliyoishika ulinipiga mkono na mwiko."

"Nilikupiga kidogo!"

"Ndiyo. Kidogo."

"Unasema hivyo mbele yake ili anione mimi mtu gani?"

"Mimi sikuoni mtu yeyote," Donata akadakia. "Nakusikia tu. Huyu mwanamume anakutaja tangu anapoosha nyanya mpaka anapochuja tambi. Ersilia huvua ganda, anasema, mimi sivui. Ersilia hutoa kitunguu saumu, mimi nakiacha. Ersilia hivi, Ersilia vile. Nimechoka nawe, dada yangu, na hata hatujawahi kunywa kahawa pamoja."

"Na nani alimwalika kwenye sufuria yako?"

"Nilimwita kutengeneza bomba. Bomba likatengenezwa. Akaona nanaa yangu hapo dirishani, nanaa ya kwetu ya mlimani, akainama akainusa, akaanza kulia hapo hapo na spana mkononi. Nikamwambia, baba wee, sufuria ile pale, fanya unachotaka. Na mimi na mguu huu, mtu akitaka kunipikia nimkatalie kwa sababu gani?"

"Kwa sababu ana mke!"

"Hilo ndilo nililokwisha kukwambia, ananisimulia habari zako kila dakika."

Nikamgeukia Canio. "Kulia? Kwa nanaa? Nanaa ni ya chai na dawa ya meno."

"Mama yangu alikuwa akitia kwenye nyanya," akasema. "Kiangazi tu, wakati wa mavuno. Ulisema hivyo hivyo nilipoleta chungu cha nanaa yake, mwaka tuliooana. Ulisema dawa ya meno."

"Nanaa inatambaa, Canio! Ingeumaliza mrihani wangu wote!"

"Ingeumaliza, kweli."

"Na leo ningeing'oa tena!"

"Najua," akasema, na hakuwa na hasira, jambo lililoniudhi zaidi ya yote. "Ndiyo maana nilikuja huku."

Donata akanionyesha kikaango kwa gazeti lake. Kulikuwa na tambi zilizobaki, nyekundu, na vipande vya kijani vinavyong'aa juu yake. "Onja, uone unagombania nini."

Nilikuwa na njaa ya kufa. Nilikuwa sijala tangu kahawa ya asubuhi. "Afadhali nile gazeti hilo," nikasema, nikatoka.

Canio alinifuata hatua chache nyuma, na aproni yake ya alizeti. Hakukumbuka kuivua, na mimi sikumkumbusha. Tulipita mbele ya klabu, Gerardo na wenzake wakasimama na karata zao mkononi, hakuna aliyethubutu kucheka mpaka tulipogeuza kona.

Jumapili alifuta sahani. Alichukua mkate bila kuambiwa, akazungusha mara moja kulia, mara moja kushoto, kama mtoto anayepiga mswaki kwa sababu mama amesimama mlangoni. Sahani ilikuwa safi. Sijawahi kuona sahani safi iliyoniumiza roho namna ile. Nilitaka nimnyang'anye ule mkate.

Basi nikafanya kitu ambacho kama jirani yeyote angeniona ningehama mji. Nilikwenda sokoni nikanunua nanaa. Niliificha chini ya biringani. Jumatatu Canio alipokuwa kwa kinyozi nilipika mchuzi wa nyanya na nanaa, na nilijisemea, mimi Ersilia, niliyefundishwa na mama yangu, nishindwe na jani moja? Lakini dakika ya mwisho mkono wangu haukuweza kuuacha mrihani. Uliona sufuria ya nyanya haina mrihani ukaona aibu. Nikatia vyote viwili, na nikavitia wakati moto unawaka bado.

Canio akala kijiko cha kwanza cha mchuzi. Akaacha kutafuna. Nyusi zake zikapanda, moyo wangu ukapanda nazo.

"Umejaribu," akasema, akanipapasa mkono.

Umejaribu! Angemwaga sahani sakafuni ningemshukuru. Nilionja mwenyewe: ilikuwa dawa ya kifua.

Nikakaa na hilo neno mpaka kesho yake. Nilipokuwa nikimwagilia mrihani wangu ndipo nilipoelewa kinachonila. Haikuwa nanaa. Nanaa ningeizoea, nimezoea hata mapadri vijana. Ulikuwa ule uso. Mwanamume huyu nimemjua kwa homa, kwa msiba, kwa meno na bila meno, na kumbe alikuwa na uso mmoja hajanionyesha, na mtu aliyeonyeshwa ni mwanamke aliyekaa kitini anajipepea. Ameupata bure, kwa sababu ya bomba bovu! Nilitaka uso ule. Nilitaka uwe wangu kama ilivyo mingine yote.

Na ili niupate ilibidi nile nilichokataa kuonja, na kilihitaji nanaa ile ya mlimani, si ile laini ya sokoni. Nikajikaza nikaenda kwa Donata. Safari hii nilibisha hodi.

Hakunifanyia maringo, hilo namsifu. Alisikiliza akiwa kitini, akasema, "Mkasi uko kwenye droo."

"Nichukue kiasi gani?"

"Chukua unachotaka."

Nilichukua yote. Nilikata tawi baada ya tawi mpaka chungu kikabaki na vishina. Donata alinitazama nikikata, akaanza kucheka mpaka tumbo likamtikisika.

"Unadhani haioti tena?"

"Itaota," nikasema. "Ila Jumatano hii haitakuwepo."

"Ipande mbali na mrihani, Bi Ersilia."

"Sihitaji kufundishwa bustani," nikamwambia. Halafu, kwa kuwa mama yangu alinilea vizuri, "Ahsante."

Siku hiyo hiyo ya Jumanne, saa za chakula zilipokaribia, Canio aliingia jikoni akakuta jiko halijawashwa. Nyanya zilikuwa mezani ndani ya bakuli, hazijaguswa. Pembeni yake kulikuwa na kopo la bluu la chumvi, mafuta, kitunguu saumu, na nanaa ndani ya glasi ya maji. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha dirishani.

"Unaumwa?" akauliza.

"Nina njaa."

Alitazama meza. Alitazama kiti. "Ersilia, unataka nini?"

"Nimekwambia nina njaa. Kwa Donata unahitaji kuambiwa mara mbili?"

Alivua saa yake ya mkononi akaiweka kabatini. Kisha akafungua droo ya tatu, si ya kwanza wala ya pili, akatoa aproni yangu nyeupe. Alijua kila kitu kilipo. Miaka yote hiyo alikuwa amekaa kwenye kile kiti analisoma jiko langu.

Sitasema ilikuwa rahisi. Alikata nyanya na ganda lake, nikashika kiti kwa mikono miwili. Alipasua punje tatu za kitunguu saumu badala ya moja. Moto wake ulikuwa mkubwa kuliko wangu.

"Canio," nikasema.

"Ngoja kwanza, kitunguu saumu kitaungua."

Ningeng'aka. Kwenye jiko langu, ananinyamazisha! Lakini alikuwa ameinama juu ya kikaango, shingo yake imetoka jasho, na hakujua hata kama amenijibu hivyo. Nikafunga mdomo. Nyanya zikaingia zikapiga kelele, akarudi nyuma ile hatua yake moja. Akapika tambi, akazichuja, akazirusha ndani ya mchuzi. Akazima moto. Akachana nanaa kwa vidole, kama mimi ninavyochana mrihani, na nilijua kwamba hilo halikutoka kwa mama yake, mama yake kila jani alilikata kwa kisu. Hilo lilikuwa langu. Hata Donata alilishwa kwa mkono wangu bila kujua.

Akaniwekea sahani, akakaa mbele yangu, pale ninapokaa mimi.

Nilisokota tambi kwenye uma nikala. Nilitamani iwe mbaya. Nilikuwa na maneno tayari, niliyachagua tangu asubuhi. Ladha ya nyanya ilikuja kwanza, tamu na kali kidogo kwa lile ganda, halafu ukaja ubaridi, mdogo, mwishoni, kama mtu amefungua dirisha. Nikala tena. Nilipoinua macho uso ulikuwepo. Nyusi juu, kichwa upande, uma wake umesahaulika mkononi. Ulikuwa unaningoja mimi.

Nilikula mpaka tambi ya mwisho, kisha nikanyoosha mkono kwenye kapu. Nilichukua kipande cha mkate, nikakikandamiza kwa kidole, nikazungusha ukingo hadi ukingo. Mchuzi uliisha. Nikakitia mdomoni, na Canio akashusha pumzi ambayo nadhani alikuwa ameishikilia tangu mwaka tuliooana.

Ingetosha. Mwanamke mwingine angeishia hapo.

"Donata," nikasema. "Alikuwa akifuta sahani?"

Canio akanitazama. Akatazama sahani yangu, akatazama mkono wangu. Hakujua nilichokiona dirishani.

"Donata?" akasema. "Aa, hapana. Kila mara alikuwa akibakiza kidogo."

Masikio yake yakawa mekundu. Canio hajawahi kujua kudanganya, masikio humsaliti tangu ujanani. Nikamwambia anisogezee kapu. Nikachukua kipande kingine cha mkate, kikubwa zaidi, nikaanza upya kuifuta sahani ambayo haikuwa na kitu tena.